Mpira wa Nyongeza

Jiko lile nililinunua Bububu, kwa mtu anayeuza vyombo vilivyokwishatumika, na sikulinunua kwa siku moja. Siku ya kwanza nilipita, nikalitazama, nikaondoka bila kuuliza bei, ajue sina haja nalo. Siku ya pili niliuliza bei, nikacheka, nikaondoka. Siku ya tatu niliingoja mvua, saa ambayo duka halina mtu, nikajikalia juu ya ndoo aliyoipindua, nikaanza kutaja kasoro. Kioo cha oveni kimelegea. Mguu mmoja mfupi. Ubavu wa kulia umechubuka. Mafiga manne, vishikio vitatu. Nilihesabu kasoro saba. Nilipozihesabu tena zikawa nane.

"Bi mkubwa," akasema yule bwana, "unanunua jiko au unalisomea hitma?"

"Nalisomea hitma. Likifufuka ntalinunua."

Akacheka, na muuzaji akishacheka bei imeshafika nusu ya njia. Tukakubaliana. Nikanyoosha mkono wa kulipa, nikaurudisha.

"Na nyongeza yangu?"

Kwetu hata ukinunua fungu la mchicha unatiliwa shina moja juu yake. Ukiondoka bila nyongeza, umeibiwa kwa ridhaa yako. Yule bwana akatazama huku na huku, akautungua mpira wa gesi uliokuwa ukining'inia kwenye msumari, mpira wa rangi ya chungwa iliyopauka kwa jua. Ulikuwa mgumu kama mkono wa pweza aliyeanikwa. Karibu na ncha uliingia nyufa nyembamba, za juujuu. Niliukunja, nikazitazama, nikajiambia kuwa ufa si tundu. Nikaupokea. Nikarudi mjini na jiko nyuma ya gari ya kukodi, mpira mapajani, na furaha ya mtu aliyemtoa mwenzake jasho.

Jiko nililinunua kwa ajili ya shangazi yangu. Yeye ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu, katika nyumba yake ya Mji Mkongwe, nyumba nyembamba kama kitabu kilichosimamishwa: ukumbi na chumba kimoja cha pembeni chini, vyumba vingine na jiko darini, na katikati ngazi ishirini na saba. Nimezihesabu kupanda na kushuka. Maisha yake yote shangazi alichoma vileja, vibiskuti vya unga wa mchele, kwa kupalia, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na vileja vyake vilitoka mjini vikafika Fumba bila yeye kunyanyuka. Lakini moshi ulikuwa umeanza kumkaba kifua. Jiko la oveni lilikuwa la kumpumzisha. Yeye aliliita "sanduku lako", akanuna siku mbili, ya tatu akaanza kulipangusa.

Basi ikafika siku ya wakwe. Upande wa bwana aliyemposa mdogo wangu walileta salamu kwamba wanawake wao watakuja baada ya sala ya alasiri kuvisha pete. Tisa. Nilitoa vikombe tisa, nikavihesabu, nikavihesabu tena, nikaongeza viwili kwa sababu watu wakisema tisa huwa kumi na moja.

Tangu alfajiri nyumba ilikuwa ikichemka. Mdogo wangu alikuwa akiimba huku akipiga pasi, shangazi akimwambia asiimbe kwani bi harusi anayeimba anaonekana ana haraka, na yeye akizidisha sauti. Tulikuwa na unga wa vileja mia na ishirini, trei tatu za arubaini arubaini. Trei mbili zilikwisha kutoka, nyeupe, nzuri, zinanukia iliki. Kabla ya kutia ya tatu nikasema tudeki kwanza. Nikazima moto wa oveni, tukadeki, kisha mimi na mdogo wangu tukalisukuma jiko hadi likagota ukutani, ubavu uliochubuka usionekane.

"Nani ataingia jikoni?" mdogo wangu akauliza.

"Wakwe. Wataulizia msala, watapotea njia, watajikuta jikoni. Hujawahi kuwaona wakwe wewe."

Mtungi wa gesi ulikuwa pembeni ya jiko. Sikuufunga. Nilijiambia nifunge ya nini, na mimi nnarudi sasa hivi kutia trei ya tatu? Ndoo ya maji ya kudekia nikaiacha dirishani, nikavaa buibui, nikaenda Darajani kununua asmini.

Sasa, muuza asmini naye ni mtu wa maneno. Alitaka bei ya siku ya Idi na haikuwa Idi. Nikamwambia maua yake yameamka kabla yake. Akaniambia mimi nikienda peponi nitauliza kama kuna punguzo. Tukavutana mpaka watu wakasimama kutusikiliza, na mwisho nilipata bei yangu pamoja na vikuba viwili vya maua, vya nyongeza. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Ilikwishapita saa nzima.

Nilipofungua mlango mkubwa, harufu ikanipokea mlangoni. Nzito, mbaya, kama kitunguu kilichooza ndani ya maji. Madirisha ya chini yalikuwa yamefungwa yote, vumbi lisiingie kwenye matakia mapya. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na doti mpya ya kanga, pua kaikunja, na mkononi kashika chetezo chake cha udongo.

"Karo la choo," akasema. "Leo! Mwaka mzima limenyamaza, leo ndiyo linasema. Wakwe watakaa hapa, pua zao hapa, wanuse karo letu?"

"Nilifungue nilitazame?"

"Ulifungue ili litoe zaidi? Nnakwenda kwa jirani kuchukua makaa. Nikishafukiza udi vyumba vyote, karo litajijua lenyewe."

Akatoka. Kila mtu wa Unguja angefanya vivyo hivyo. Kikinuka chumba cha mgonjwa, udi. Akiondoka mgeni mwenye jasho, udi. Tumezaliwa tukijua kwamba harufu mbaya inafukuzwa na harufu nzuri, na harufu nzuri inapanda kutoka kwenye kaa la moto. Jirani yetu anakaa ng'ambo ya uchochoro, dirisha kwa dirisha ingawa mlango wake uko mbele kidogo, bado anapikia makaa, na saa ile alikuwa na jiko limekolea.

Mdogo wangu akaja mbio kutoka chumba cha pembeni, mkono umeshaelekea swichi ya ukutani. "Hebu tuwashe pangaboi lipunge hii harufu."

"Liache! Uniti zimebaki chache, umeme wa jioni utatoka wapi? Wakwe wakae na joto?"

Nnataka niseme kweli. Sikuwa nimejua lolote. Niliukataza ule mkono kwa ubahili tu.

Nikaenda uani, nikainama juu ya mfuniko wa karo, nikanusa. Nimeshanunua karafuu, mchele, papa mkavu, na vyote huvinunua kwa pua kabla ya jicho. Karo lilinuka karo. Ile ya ukumbini ilikuwa nyingine. Nikarudi nikanusa tena, nikainama, na nilipoinama ikazidi. Kwa nini ukumbi unuke kuliko karo? Na kwa nini sakafu inuke kuliko hewa? Nikaanza kupanda ngazi nikinusa kama paka. Ya tano, bado. Ya kumi, kidogo. Ya ishirini, karibu hakuna. Nikataka kugeuka, maana kama harufu inapungua juu, basi kilichooza kiko chini. Miguu ikaendelea yenyewe, labda kwa sababu vileja vyangu themanini vilikuwa kule juu na nilitaka kuvihesabu.

Jikoni dirisha lilikuwa wazi na kulikuwa na upepo. Nikasimama mbele ya trei zangu, na katika ule ukimya nikasikia sauti. Sssss. Ndogo, ya mfululizo, kama mwanamke anayevuta pumzi kwa meno akisikia umbea. Nikachungulia nyuma ya jiko.

Tulipolisukuma, mpira ulibanwa baina ya jiko na ukuta, ukakunjika pale pale kwenye zile nyufa nilizozitazama Bububu. Zilikuwa zimeachana kama midomo. Ufa ulishakuwa tundu.

Mikono yangu ikafika kwenye kichwa cha mtungi kabla ya akili. Nikafunga. Nikarudia kufunga. Sauti ikakatika. Na hapo tu ndipo akili ilipofika ikihema, na ilichoniambia hakikuhusu mpira. Iliniambia: chini. Gesi imeshuka ngazi zote ishirini na saba, imejaa ukumbini, na shangazi amekwenda kuchukua moto.

Nikakimbilia dirishani. Uchochoro wetu ni mwembamba. Dirishani petu unaweza kumpa jirani chumvi mkononi. Nikamwona shangazi chini yangu, ndiyo kwanza anatoka mlango wa jirani. Chetezo kakishika kwa mikono miwili, makaa mekundu, na anayapuliza huku akitembea. Kutoka mlango ule hadi wetu ni hatua kumi na mbili. Nilizipima siku ya kununua zulia.

"Shangazi!"

Neno gesi halikuja. Neno simama halikuja. Lilikuja jina tu, kama mtoto anapoota.

"Naam!" akaitika, bila kutazama juu, na akaongeza mwendo. "Nnakuja, nnakuja!"

Ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyotulea sisi. Ukiitwa unaitika naam, na ukishaitika unakwenda. Hakuna kuuliza unaitiwa nini. Hatua tisa. Nikamwita tena, kwa sauti ya kupasua koo, na yeye akaona kuwa nina haraka kweli, akazidi kukaza miguu. Saba. Mdogo wangu, aliyesikia kelele, akamfungulia mlango mkubwa ili apite asihangaike na mikono imejaa. Sita.

Ndoo ilikuwa pale pale dirishani. Maji ya kudekia, ya sabuni, ya uchafu wa jiko zima. Niliinyanyua, nikalenga, na nikamwaga.

Nimeishi mjini miaka yangu yote na sijapata kutupa kitu kikafika pale nilipokitaka kama siku ile. Maji yalimwangukia shangazi yangu mzima mzima, kuanzia mtandio hadi ndara. Chetezo kikatoa sauti ya tshhhh na wingu la mvuke, na makaa yakawa meusi. Akasimama. Uchochoro mzima ukasimama. Mwanamke wa heshima, kwenye doti mpya, siku ya wakwe, anatiririka povu.

Jirani, mlangoni kwake, akawa wa kwanza kupata ulimi. "Subhanallah! Kamkogesha shangazi yake hadharani!"

Hapo neno likaja. "Gesi! Gesi imejaa chini! Rudini nyuma! Mdogo wangu, toka nje, usiguse swichi, usiguse kitu, acha mlango wazi, toka!"

Nikashuka zile ngazi bila viatu, pumzi nimeibana, nikafungua dirisha la ukumbi moja, la pili, nikatoka. Tukasogea hadi mwisho wa uchochoro. Nikahesabu watu. Shangazi, mdogo wangu, jirani, mimi. Wanne. Nikahesabu tena. Wanne. Jirani mwenyewe nikamrudisha haraka azime jiko lake kwa maji, akalizima akilia mchuzi wake. Nikahesabu mara ya tatu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Shangazi alikuwa akikitazama chetezo. Maji baridi juu ya udongo wa moto: kilikuwa kimeingia ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Alikuwa nacho tangu harusi yake.

"Shangazi..."

Akageuzia uso ukutani.

Pale pale, mbali na nyumba, nikapiga simu kwa fundi wa gesi anayekaa Kiembe Samaki. Ni mwanamke, anavaa ovaroli na mtandio, na anazungumza polepole kama anayelipa kwa neno. Nikamweleza. Akasema, "Msirudi ndani. Nnakuja." Alipotokea na vespa yake nikamkimbilia kumsimamisha, akaizima mwenyewe kabla sijafika, akaiegesha mbali.

"Shikamoo bibi," akamwambia shangazi, akamtazama tangu juu mpaka chini. "Mvua imenyesha hapa tu?"

"Marahaba. Muulize huyo."

Tulingoja milango na madirisha yapitishe upepo mpaka fundi mwenyewe aliporidhika. Kisha akaingia akiinama, pua karibu na sakafu, kona moja baada ya nyingine, nami nyuma yake.

"Gesi ni nzito kuliko hewa," akasema. "Ikitoka haipandi. Inateremka ngazi kama maji, inatulia chini inangoja. Ndiyo maana mlinusa huku, huko juu hamkunusa."

"Na udi?"

Akatazama mlango mkubwa, akatazama kona ya ukumbi. "Bibi asingefika katikati ya ukumbi, dada. Na nyote humu msingetoka."

Juu jikoni alivuta jiko mbele, akautoa ule mpira, akaupindapinda kwenye mwanga.

"Huu umeununua wapi?"

Nikajitia kuhesabu vileja.

"Nauliza umeununua wapi."

"Sikuununua. Nilipewa nyongeza."

Alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha akatoa mkasi, akaukata mpira vipande vitatu.

"Sasa unaukatia nini?" nikasema. "Kipande kizima kile kingefaa kwa..."

"Nshakujua," akasema, na akavikata vile vitatu vikawa sita.

Akatia povu la sabuni kwenye mdomo wa mtungi, tukainama wote wawili kutazama kama povu litavimba. Nilihesabu mapovu. Hayakuongezeka. Nikahesabu tena. Fundi akaubeba mtungi, akauweka kwenye uwazi juu ya paa, akasema ukae huko mpaka arudi na mpira mpya na kichwa kipya, na jiko lenyewe alifungue lote, maana mtu aliyetoa mpira wa namna ile asingeweza kuaminika kwa mabomba ya ndani. Nikauliza bei. Akanitajia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa mazoea. Nikaufunga.

"Sawa," nikasema.

Fundi akanitazama kwa wasiwasi. "U mzima?"

Ilibaki saa moja na nusu kabla ya wakwe, na trei ya tatu ilikuwa mbichi. Jirani alikuwa ameshawasha makaa upya, kwa ruhusa ya fundi. Nikasimama dirishani kwetu, yeye dirishani kwake, nikampitishia trei juu ya uchochoro. Na nani aliyekuwa nyuma yake, kavaa kanga ya kuazima, mikono imeshajaa unga? Shangazi. Akaipokea trei bila kunitazama. Nikamsikia akimwambia jirani, "Punguza makaa ya chini. Leo hakuna sanduku."

Wakwe wakaja. Kumi na mmoja. Nyumba haikunuka kitu chochote. Ilikuwa tupu kama shuka iliyoanikwa, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya kiti nikingoja waulize mbona haikufukizwa udi. Waliona vileja vya rangi mbili, themanini vyeupe na arubaini vyekundu, vilivyoungua kidogo pembezoni. Mkubwa wao, shangazi wa bwana, alikula cheupe kimoja kwa adabu. Kisha akala chekundu. Akachukua cha pili. Alipofika cha tano akauliza hivi ni mkono wa nani.

"Hivyo ni vya makaa," akasema shangazi yangu, na uso wake ukafunguka kama dirisha. "Nimevichoma baada ya kukogeshwa na huyu binti yangu. Kwa ndoo. Uchochoroni." Na akawahadithia, yeye mwenyewe, mbele ya wakwe, kile nilichokuwa nikiomba kisitajwe mpaka kufa. Alisimama akaonyesha alivyokuwa akitembea, akaonyesha mikono ya chetezo, akapuliza. Aliniigiza nikiita. Wakwe walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Angechelewa hatua sita, leo mngekuja matangani." Mkubwa wao akarudisha kileja sahanini. Pete ikavishwa, na mdogo wangu, ambaye hakutakiwa kuonyesha haraka, alinyoosha kidole kabla hakijaombwa.

Sasa wageni wa posa hawaondoki bila kufukizwa. Shangazi akanyanyuka, akatoka hadi kwa jirani, akakileta chetezo chake chenye ufa, makaa ya jirani ndani, akasimama nacho kizingitini, upande wa nje. Udi ulikuwa kwenye kiganja. Hakuutia. Hakuingia. Mbele ya wageni wote kumi na mmoja akainua uso kunitazama.

"Niingie?"

Nikapanda. Ngazi ishirini na saba. Jikoni hakukuwa na kitu pembeni ya jiko ila alama ya duara sakafuni. Nikapanda hadi juu ya paa: mtungi pale pale kwenye uwazi, umefungwa. Nikashuka hatua tatu, nikarudi, nikautazama tena. Kisha nikaenda dirishani.

"Shangazi!"

"Naam!" akaitika, na safari hii hakunyanyua mguu.

"Ingia."